Nani Analipia Mlango wa Pili?

Leo nataka tulizungumze jambo ambalo sisi Wakenya hulipigia kelele kwa siku chache baada ya msiba, kisha tukalinyamazia mpaka msiba mwingine utufikie. Jambo lenyewe ni fedha. Nazungumzia fedha za serikali za kuwaokoa wanafunzi wa shule za umma pale moto unapozuka bwenini usiku, au watoto wanapokanyagana kwenye ngazi mchana. Sitakaa sana kwenye suala la nani aliyewasha moto, kwa maana hiyo ni kazi ya wapelelezi na mahakama. Mimi nina swali moja tu, na nitalirudia mara kadhaa ili tusipoteane njiani. Nani analipia mlango wa pili wa bweni? Nani analipia king'ora, mtungi wa kuzimia moto, na mtu wa kukesha watoto wakiwa wamelala?

Tuanzie Kyanguli, kule Machakos. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya upili ya Kyanguli lilimwagiwa petroli na kuwashwa moto. Wavulana 67 walikufa. Bweni lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umetiwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hebu litafakari hilo kidogo, msikilizaji. Mlango ulikuwepo. Aliyelijenga bweni alifikiria kwamba siku moja watoto wangehitaji njia nyingine ya kutokea, akaiweka, halafu maisha ya shule ya kila siku yakaifunga. Miaka 3 kabla ya hapo, mwezi Machi 1998, wasichana 26 walikuwa wameteketea katika shule ya Bombolulu, Kwale. Mwezi Septemba 2017 ikawa Moi Girls, Nairobi, jijini kabisa, ambako wasichana 10 walipoteza maisha. Na usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 ikawa Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, wavulana 21, katika bweni lililolaza watoto zaidi ya 150. Endarasha ni shule ya kibinafsi, nami naitaja kwa sababu yaliyofuata baada yake yanazihusu shule zote, kama tutakavyoona. Majirani zetu nao wamelia. Tanzania inaikumbuka Shauritanga ya mwaka 1994, ambako wasichana wapatao 40 walikufa, na Idodi ya mwaka 2009, wasichana 12. Uganda inaikumbuka Budo Junior ya mwaka 2008.

Baada ya kila msiba, serikali hufanya nini? Huunda jopo. Baada ya Kyanguli liliundwa jopo lililoongozwa na Naomi Wangai, likazunguka nchi nzima na kuandika ripoti ndefu. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na nitasema wazi kwamba mwongozo ule ni mzuri. Unasema mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Unasema mlango huo usifungwe kwa nje hata mara moja wakati wanafunzi wamo ndani. Unataka milango pande zote mbili za bweni, na njia ya dharura katikati. Unataka madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, mitungi ya kuzimia moto iwekwe penye milango, na king'ora kiwepo. Basi ujuzi tunao, na umeandikwa kwa ufasaha. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza jinsi shule za upili za umma zilivyojiandaa kukabili moto, akakuta maandalizi ni hafifu. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu mwongozo utolewe. Sasa tujiulize: kwa nini mwongozo mzuri hivyo ukae miaka 12 bila kutekelezwa? Je, walimu wakuu wote wa nchi hii ni watu wasiojali? Sikubali hata kidogo. Mwongozo ulikuja bila pesa. Hilo ndilo jibu langu, na ndilo nitakalolitetea mpaka mwisho wa kipindi.

Hebu tuifuate shilingi yenyewe. Tangu mwaka 2018, serikali imeahidi kuipa kila shule ya upili ya umma shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha hizo hazitumwi zikiwa fungu moja. Zina mafungu yenye majina: vitabu na vifaa vya kufundishia, mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, ukarabati, umeme na maji, safari, utawala, michezo. Kila fungu lina kiasi chake, na mwalimu mkuu akilitumia kwa kazi nyingine, mkaguzi wa hesabu atamuuliza. Katika orodha hiyo utaona chaki, utaona mpira, utaona nauli. Fungu la dharura hulioni. Gharama za bweni hulipwa na mzazi kupitia karo, na karo, kama mjuavyo, huja kwa mafungumafungu, nyingine huja na gunia la maharagwe, nyingine haiji kabisa. Mwalimu mkuu akikaa na Bodi ya Usimamizi kupanga matumizi ya muhula, mbele yake yuko mwenye duka anayedai pesa za unga, wako wapishi wanaodai mishahara, na iko bili ya umeme. Mtungi wa kuzimia moto haumdai mtu. Haupigi simu wala hauleti barua ya wakili. Unasubiri ukutani, na kwa sababu unasubiri bila kelele, ndio unaokatwa kwanza kwenye bajeti kila muhula.

Hapa ndipo narudi kwenye kufuli la Kyanguli, kwa sababu naamini hatujalielewa vizuri. Tumezoea kusema kufuli lilikuwa kosa la mtu mmoja mzembe. Lakini kwa nini mabweni hufungwa? Uliza popote utaambiwa yaleyale: wanafunzi hutoroka usiku, wezi huiba magodoro na masanduku, na katika shule za wasichana kuna hofu ya wanaume kuingia. Hofu hizo ni za kweli, na mwalimu anayeamka asubuhi akakuta msichana hayupo atajibu kwa mzazi, kwa polisi na kwa mwajiri wake. Dawa yake inajulikana. Inahitajika matroni wa kulala karibu na bweni, mlinzi wa zamu anayezunguka usiku kucha, ua imara, na taa za nje zinazowaka. Vyote hivyo vinalipiwa kila mwezi. Kufuli linanunuliwa mara moja, kwa shilingi mia chache. Pasipo na fedha za mtu wa kukesha, kufuli hupewa kazi yake, na kufuli halinusi moshi, halisikii mtoto akilia, halijui saa ya kufunguka. Ndiyo maana nasema amri ya kukataza kufuli, ikiwa peke yake, haitoshi. Umemkataza mwalimu mlinzi wake wa bei rahisi bila kumpa mwingine. Wiki mbili afisa wa elimu akizungukazunguka, mlango utakuwa wazi. Wiki ya tatu mtoto atatoroka, na kufuli litarudi.

Na muda wa kuokoa watoto ni mfupi mno kuliko wengi wetu tunavyodhani. Magodoro ya mabweni yetu mengi ni ya sponji. Sponji ikishika moto hutoa moshi mzito mweusi wenye sumu, na moshi huo hupanda kwanza hadi darini, ukajaa huko, kisha ukashuka. Katika bweni la vitanda vya ghorofa, anayelala juu ndiye anayefikiwa kwanza, akiwa bado usingizini. Wengi wanaokufa kwenye moto wa aina hii huuawa na moshi kabla ya mwali kuwafikia. Tunahesabu dakika chache tu. Kwa hiyo kila kitu kinachookoa dakika moja kina thamani ya maisha: kifaa cha kunusa moshi kilichobandikwa darini, king'ora kinachosikika hadi nyumba za walimu, mlango mpana unaosukumwa kwa nje na mtoto mwenye hofu, taa ndogo ya betri inayoonyesha njia umeme ukishakatika, na mazoezi yaliyofanywa mara nyingi hata miguu ikajua njia yenyewe gizani. Ukitazama mtungi wa kuzimia moto kwa karibu, utaona kipimo kidogo cha mviringo chenye sehemu ya kijani. Mshale ukiwa kwenye kijani, mtungi uko tayari. Ukiwa kwenye nyekundu, hicho ni chuma tu kilichotundikwa ukutani. Kuna pia kikaratasi kinachoonyesha tarehe ya mwisho ya kukaguliwa. Nakuomba jambo dogo, mzazi: siku utakapokwenda shuleni kwa mkutano, usikague alama za mtoto pekee. Uombe kuonyeshwa mtungi, na uisome tarehe hiyo.

Tuseme sasa king'ora kimelia na watoto wametoka. Nani anakuja? Hapa pana ufa mwingine ambao haujadiliwi vya kutosha. Katiba yetu ya mwaka 2010 iliiweka elimu ya msingi na ya upili mikononi mwa serikali ya kitaifa. Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto. Maana yake, bweni ni la Nairobi na gari la zimamoto ni la gavana. Wizara ya Elimu haina gari hata moja, na kaunti haina bajeti ya shule za upili. Gari la kaunti kwa kawaida hukaa mjini, makao makuu, na shule iko kilomita nyingi mlimani au nyikani, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Kule Endarasha, barabara zenye matope ziliwachelewesha waokoaji. Nambari za dharura tunazozijua, 999 na 112, huenda kwa polisi, na zimamoto wa kila kaunti ana nambari yake. Mlinzi wa shule saa nane za usiku ampigie nani? Ukweli ni kwamba wengi humpigia mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu huanza kumtafuta anayemjua mtu wa kaunti. Hakuna aliyezembea hapo. Kila mmoja amefanya anachokijua. Mfumo wenyewe haujaunganishwa, kwa sababu hakuna aliyepewa fedha za kuuunganisha.

Tatizo hili si la nchi maskini peke yake. Tarehe 14 Februari 2018, mtu mwenye bunduki aliwaua watu 17 katika shule moja ya upili ya Parkland, jimbo la Florida, Marekani. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba simu za mkononi zilizopigwa kutoka shuleni zilipokelewa kwanza na kituo cha mji jirani, kisha zikahamishiwa kwa polisi wa eneo lile. Dakika zikapotea katika kuhamisha simu, na hiyo ni nchi yenye kila chombo. Walifanya nini? Mwaka 2020 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba kila shule ya umma iwe na kengele ya dharura ya simu ya mkononi, inayowafikia waokoaji moja kwa moja. Kilichonivutia zaidi ni hiki: bajeti ya jimbo ilitenga mamilioni ya dola kwa kazi hiyohiyo. Amri na pesa vilikwenda pamoja. Sisemi tuige chombo chao, maana hatari yao kubwa ni risasi na yetu ni moto. Nasema tuige utaratibu wa kutoamuru bila kulipa.

Najua wapo wasikilizaji wanaotikisa kichwa sasa hivi. Wanasema, hawa watoto wanachoma shule wenyewe, tatizo ni nidhamu, na kuwanunulia vifaa ni kuwalipa kwa utundu wao. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Mwaka 2016 peke yake, shule zaidi ya 100 zilikumbwa na moto katika muhula mmoja, na mingi ya mioto hiyo iliwashwa kwa makusudi. Lazima tuulize kwa nini, lazima tuwasikilize wanafunzi kabla hawajafika kwenye kiberiti, na mwenye hatia lazima ashtakiwe. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna kilichowasha moto, na kuna kilichoua. Kati ya mioto ile ya mwaka 2016, mingi iliteketeza majengo na masanduku, watoto wakatoka salama. Kyanguli iliwashwa na watu, naam, lakini kilichofanya wafu wafikie 67 ni mlango uliofungwa, vyuma vya madirisha na msongamano. Mtoto aliyelala kitanda cha juu hakupanga njama yoyote. Yeye ana kosa gani hata aachwe bila njia ya kutokea, kwa sababu mwenzake ni mtundu? Na umeme mbovu je? Nyaya zilizochakaa haziulizi nidhamu.

Wengine watasema, na hawa nawaheshimu zaidi, kwamba pesa hazipo. Mwezi Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali inamudu shilingi 16,900 tu kwa mwanafunzi wa upili badala ya zile 22,244. Ikiwa hata zilizoahidiwa hazitoshi, za dharura zitoke wapi? Nitajibu kwa kuangalia mambo ambayo serikali ya nchi hii imewahi kuyafanya ilipoyapa uzito. Ilipotaka watoto wa darasa la kwanza wapate vishikwambi, ilipeleka umeme katika shule za msingi zaidi ya 20,000, nyingine vijijini kabisa ambako hata soko halikuwa na taa. Kuanzia mwaka 2018 ilianza kununua vitabu kwa pamoja na kuvifikisha shuleni yenyewe, bei ya kitabu ikashuka sana, na wanafunzi waliokuwa wakigawana kitabu kimoja watano wakapata kila mtu chake. Ulipokuja mtaala mpya, ilitangaza madarasa 10,000, na maelfu yakasimama kwa muda mfupi. Kwa hiyo serikali inajua kununua kwa wingi, inajua kuifikia kila shule. Mfano wa hesabu ndogo: ukitenga shilingi 300 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo haifiki shilingi 1 kwa siku, shule ya wanafunzi 400 hupata shilingi 120,000. Mtungi wa unga wa kilo 9 haufiki shilingi 10,000. Fedha hizo zitajaza mitungi upya, zitageuza mlango ufunguke kwa nje, zitakata vyuma vya madirisha, na mwaka wa pili zitaweka king'ora. Mlinzi na matroni watahitaji fungu lao la kudumu, na hapo gharama itapanda, silifichi hilo. Lakini bweni likiungua tunalipa vilevile. Wazazi hutozwa fedha za kujenga upya, masomo husimama, watoto hurudishwa nyumbani kwa wiki kadhaa. Gharama ipo siku zote, ila kwa sasa tunailipa baada ya mazishi.

Kuna wenye shaka kwamba fedha zenyewe zitaliwa. Mitungi itanunuliwa kwa bei mara tatu, mingine itakuja mitupu, na mwenye kampuni atakuwa shemeji wa fulani. Mkenya ana kila sababu ya kushuku hivyo. Ila shaka hiyo inatufundisha namna ya kutoa fedha, haitufundishi kuzikataa. Fedha zitolewe zikiwa na jina lao, zisichanganywe na ukarabati. Mkataba wa kununua uambatane na mkataba wa kuhudumia kwa miaka kadhaa, ili muuzaji asilipwe yote siku ya kwanza na kutoweka. Na kila shule ibandike ukutani, pale langoni ambapo mzazi hupita, karatasi moja inayosema ilipokea kiasi gani, ilinunua nini, na mara ya mwisho wanafunzi walifanya mazoezi ya kujiokoa lini. Kuibia watu kwa siri ni rahisi. Kuwaibia mbele ya karatasi wanayoisoma kila siku ya mkutano ni kazi ngumu kidogo. Chaki zimewahi kuibwa, na hatukufuta fungu la chaki.

Halafu kuna hoja ya kuyafunga mabweni. Baada ya Endarasha, serikali ilikagua shule na kuamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule 348 ambazo hazikutimiza viwango. Kwa watoto wadogo wa shule za msingi mimi naunga mkono: mtoto wa miaka 8 alale kwao. Hata hivyo tusidanganyike kwamba tumemaliza. Msichana wa Marsabit au Turkana ambaye shule ya upili iko mwendo wa siku nzima kutoka kwao, bweni ndilo shule yake, na ukilifunga umemrudisha nyumbani moja kwa moja. Tena, hatari haikai bwenini pekee. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, shule ya umma, wanafunzi wasiopungua 14 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi wakitoka madarasani jioni. Hapakuwa na moto wala kufuli la bweni. Palikuwa na ngazi, watoto wengi, na hofu. Angekuwepo mtu wa kuwapanga, wangekuwa wamezoea kushuka kwa mpangilio, pengine wangefika nyumbani. Kwa hiyo fungu ninalolitetea ni la kila shule ya umma, ya bweni na ya kutwa, ya upili na ya msingi.

Na majengo ya zamani tuyafanyeje? Mara nyingi husikika kwamba viwango vipya vitumike kwa majengo mapya, ya kale yaachwe yalivyo. Hiyo njia ilishajaribiwa kwingine. Mjini Chicago sheria ya usalama ya mwaka 1949 ilisamehe majengo yaliyokuwa yamekwisha kujengwa. Tarehe 1 Desemba 1958, shule ya Our Lady of the Angels, moja ya majengo hayo yaliyosamehewa, ilishika moto. Wanafunzi 92 na watawa 3 walikufa. Kengele ya shule ililia ndani ya jengo tu, haikuunganishwa na kituo cha zimamoto. Shule ilikuwa imekaguliwa majuma machache kabla na kupita. Kisheria ilikuwa salama. Ndiyo sababu nasisitiza fedha ziwafuate kwanza waliomo katika majengo makongwe, yale ya mbao na mabati, yale yenye mlango mmoja, kabla hatujajenga bweni jipya hata moja la kupigia picha.

Basi wasikilizaji, nimalizie kwa kusema ninachotaka kifanyike, na ni kichache. Kwanza, liundwe fungu la dharura katika mgao wa kila mwanafunzi, lenye jina lake na kiasi chake, lisilohamishwa. Pili, serikali ya kitaifa izipe kaunti fedha za masharti, zitumike kuziunganisha shule na zimamoto kwa nambari moja ya simu, kuweka gari na matangi ya maji karibu na maeneo yenye shule nyingi za bweni, na kuwaleta wazima moto shuleni kila muhula kuendesha mazoezi. Tatu, waraka wowote wa usalama unaotoka wizarani useme pia nani anaulipia na kutoka fungu gani, na usiposema, Bunge liurudishe. Narudia, kwa sababu hili ndilo la kushika: waraka uje na pesa zake.

Kila mwaka, ifikapo tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti huwa yamefikishwa Bungeni, kisha kamati ya bajeti huwaita wananchi watoe maoni. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu. Mzazi, mwalimu, mwanachama wa Bodi ya Usimamizi, mwaka ujao nenda. Ukishindwa kwenda, andika barua, au umwendee mbunge wako akiwa kijijini wikendi. Muulize swali letu la leo: katika bajeti hii, mlango wa pili wa bweni la mtoto wangu uko ukurasa gani? Akikuambia utaratibu unaendelea, muulize tena.